Honi Tatu za Kona ya Mvule

Kila kijana anayekuja kwangu hapa Mlabani kutaka nimfundishe lori, kwanza namketisha kwenye benchi la barazani na kumwambia afumbe jicho la kulia. Asome maandishi yaliyo ukutani kwa fundi baiskeli, ng'ambo ya barabara. Akimaliza afumbe la kushoto, asome tena. Wengi wenu hucheka. Mmoja, simtaji kwa sababu mama yake ni jirani, aliniambia, "Mzee Kasiani, mimi nimekuja kujifunza gari, darasa la kwanza nilishamaliza." Nikamjibu kwamba asiyetaka kupimwa macho akaendeshe mkokoteni, maana ng'ombe angalau huja na macho yao wenyewe.

Leo nawaambia sababu. Mzee aliyenifundisha kazi ameshapumzika, na mwenye msiba ameniruhusu niseme, kwa hiyo hakuna wa kunizuia isipokuwa aibu yangu, nayo tumeishi pamoja hadi tumezoeana.

Niliendesha lori la tajiri mmoja wa mpunga kwa miaka ishirini na nane. Njia yangu ilikuwa Ifakara kwenda Mbingu, na barabara ikikubali, hadi Mlimba. Lori lenyewe tuliliita Kiboko kwa sababu lilipenda tope na halikupenda kuamshwa asubuhi. Ninyi mnaopita na magari yenye kiyoyozi hamjui asubuhi ya masika ya kulibembeleza lori liwake huku mikono imeganda kwa umande wa bondeni.

Mwalimu wangu alikuwa Mzee Gaspari, Mpogoro wa upande wa Mahenge, mfupi, mkavu, mwenye kofia nyekundu ya sufu aliyoivaa hata jua likiwaka. Wiki ya kwanza hakuniruhusu kugusa usukani. Alinipa fimbo akanitembeza kwa miguu, na kila dimbwi tulilolikuta aliniingiza nilipime. Nikimwambia maji yamefika magotini, ananiuliza, "Na chini yake je, mchanga au ulongo wa kunata?" Nikisema sijui, narudi ndani. Alisema barabara usiyoijua kwa miguu usiiulize kwa matairi. Nyayo zangu zilichubuka, lakini hadi leo naweza kukuambia wapi kati ya hapa na Mbingu udongo unashika na wapi unameza.

Alinifundisha pia kubeba magunia mawili ya pumba za mpunga, ya kumwaga chini ya matairi lori likikwama. Safari yangu ya kwanza kushika usukani mbele ya macho yake nilimwaga magunia yote mawili kwenye shimo la kwanza, kwa ujeuri wa ujana. Shimo la pili halikuwa mbali. Mzee Gaspari alishuka, akakaa juu ya gogo, akaanza kuimba nyimbo za Pasaka, moja baada ya nyingine, huku mimi nakata majani kwa panga na kuyatandika chini ya tairi. Alipofika wimbo wa sita lori likatoka. "Umebahatika," akasema, "ningeanza za Kwaresima."

Mambo yote aliyonifundisha yalikuwa ya kweli. Hilo mlishike, kwa sababu ndilo lililofanya niamini na lile moja ambalo halikuwa la kweli.

Kabla ya kufika Ifakara ukitokea Mbingu kulikuwa na kona, hatua chache kabla ya daraja la magogo, tuliyoiita Kona ya Mvule, ingawa mvule wenyewe ulishapasuliwa mbao zamani. Wazee walisema pale walizikwa watu waliokufa kwa ndui enzi za babu zao, wakafukiwa haraka haraka bila matanga. Kwa hiyo husimama barabarani. Mzee Gaspari alinifikisha pale siku ya pili baada ya kunipa usukani, akanishika mkono uliokuwa kwenye usukani.

"Ukimwona mtu hapa, usifunge breki. Ukifunga breki umemkaribisha ndani ya gari. Usikwepe. Ukikwepa amejua unamwogopa, atakupeleka majarubani, ndani ya mpunga. Piga honi tatu za salamu, nyoosha usukani, pita."

"Nipite juu yake, mzee?"

"Kuna juu yake? Ni kivuli. Pita."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya madereva wa njia ile. Honi tatu, kila gari, kila safari, umwone usimwone. Abiria Wakristo walifanya ishara ya msalaba, Waislamu walisoma dua, na padri mmoja aliyepanda nami aliguna, lakini tulipofika pale niliona na yeye ameshika rozari mfukoni.

Halafu, mwishoni mwa miaka ya themanini, mwanamke alikutwa amekufa mtaroni pale pale. Jina lake lilikuwa Eferazia. Alikuwa mtu mzima, mkulima, alitoka asubuhi kwenda shambani na kibuyu cha uji. Kibuyu kilikutwa kando yake kizima, uji haujamwagika. Watu wengine walisema ni gari, wengine wakasema ni wale wa ndui wamemchukua. Hakuna dereva aliyesema lolote. Juma lile lile Mzee Gaspari, ambaye hadi hapo tulikuwa tunapokezana Kiboko, akaacha usukani. Alijenga kibanda karibu na kona, akalima bustani ya mchicha, na kila asubuhi alifyeka nyasi za pande zote mbili za kona kwa mkono wake, bila kutumwa na mtu. Sisi tukasema mzee amekuwa mtu wa sala.

Tangu hapo kivuli cha Kona ya Mvule kikawa cha mwanamke. Na sikilizeni jambo hili vizuri. Vijana hawakumwona. Waliomwona ni madereva wazee. Mzee Teofili wa lori la mbao alimwona. Mzee Mahamudu wa basi bovu la Mlimba alimwona. Tulikuwa tukikaa kwenye kibanda cha chai sokoni na kulijadili, na tulilifurahia, msidanganyike. Tulisema macho ya utu uzima yanaona mengi. Kijana akithubutu kusema yeye hajaona kitu, tulimtazama kwa huruma na kumwambia asubiri akue.

Mimi nilimwona mara ya kwanza nikiwa na miaka hamsini na sita. Hiyo ni katikati ya miaka ya tisini, kabla ya mvua zile za El Nino. Nilikuwa natoka Mbingu asubuhi, jua liko mbele yangu. Alisimama upande wa kushoto wa barabara, mrefu, amejifunika, hana uso, kama mtu unayemwangalia kupitia mvuke wa sufuria. Nikapiga tatu, nikanyoosha, nikapita. Hakuna kilichogonga. Kwenye kioo cha pembeni hapakuwa na mtu. Jioni nilipowasimulia wenzangu kwenye chai, Mzee Teofili alinyanyuka kunipa mkono, kama mtu aliyepata mjukuu.

Mara ya pili nilitetemeka kidogo. Mara ya kumi nilipita juu yake huku natafuna muwa. Nawaambia ukweli ulivyo, hata kama unaniuma.

Kisha akaanza kunifuata. Nilimwona Mbingu, amesimama mlangoni pa ghala. Nilimwona hapa hapa Mlabani, asubuhi moja nikitoka kwenda Misa, yuko upande wa kushoto wa njia, hana uso. Nilimwona kwenye uwanja wa nyumba yangu mwenyewe, karibu na kamba ya kuanikia nguo, na mke wangu Leokadia akapita katikati yake amebeba beseni. Nikaanza kuwaza kwamba pale kona kuna siku niligonga kitu kibaya, na mwenyewe amekuja kudai. Nilitoa nia ya Misa kanisani bila kusema ni ya nini. Kwa siri nilikwenda pia kwa mganga mmoja ng'ambo ya mto. Alininyunyizia maji ya majani, akaniambia mtu huyo ananipenda. Nililala vibaya zaidi.

Leokadia aliona mengine. Aliona kwamba namimina chai nje ya kikombe. Aliona kwamba nashika gazeti mbali hadi mkono unakwisha. Siku moja nilitoa shikamoo kwa gunia la mkaa lililosimamishwa kwenye kiti nikidhani ni mama mkwe, na mama mkwe mwenyewe alikuwa nyuma yangu. Tulicheka siku mbili. Leokadia alipomaliza kucheka akasema, "Baba Fausta, nenda hospitali wakuangalie macho."

Nikamwambia macho yangu hayana kitu. Kijana, dereva anayeambiwa macho yake mabaya ni sawa na mwimbaji anayeambiwa amepoteza sauti. Nilijua tajiri akisikia, Kiboko litapewa mtu mwingine, na mimi nitakaa nyumbani kuhesabu kuku. Leseni yangu ilisema naona vizuri. Niliitoa kabatini nikamwonyesha. Akaniuliza kama leseni ndiyo inayoendesha.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Ilikuwa mwishoni mwa masika, mpunga wa kwanza wa mwaka umeanza kutoka. Nilipakia Mbingu, wapakizi wakabaki huko kuandaa mzigo wa pili, na Leokadia akapanda nami kwa kuwa alikuwa amemtembelea binti yetu Fausta. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mito imevimba. Tuliondoka kumekucha. Tulipokaribia Kona ya Mvule ilikuwa kama saa moja na nusu, na jua lilikuwa limetukabili, jekundu, limetanda kwenye kioo chote cha mbele.

Nikamwona. Safari hii hakuwa kushoto. Alikuwa katikati ya barabara.

"Baba Fausta, kuna mtu mbele," Leokadia akasema.

Mnaweza kudhani hapo ningeshtuka. Mtu mwenye macho mazima kaniambia kuna mtu. Lakini mimi nilichosikia moyoni ni faraja. Nilifikiri, alaa, kumbe si mimi peke yangu, hatimaye na yeye kamwona.

"Namwona," nikamjibu. "Ndiye huyo. Usimtazame usoni."

Nikapiga honi ya kwanza. Leokadia akafanya ishara ya msalaba, kwa sababu na yeye amezaliwa bonde hili na amekua na habari za kona ile. Nikapiga ya pili. Nilikuwa nimenyoosha usukani kama nilivyofundishwa, mguu wangu uko kwenye mafuta.

"Mbona ana fimbo?" Leokadia akauliza, polepole, kama anajiuliza mwenyewe.

Yule wangu hakuwahi kuwa na fimbo. Neno hilo lilinifikia, lakini mkono ulikuwa na mazoea yake, ukapiga ya tatu.

"Kasiani!" Tangu tumpate Fausta mke wangu hakuwahi kuniita kwa jina. "Kasiani, kofia nyekundu!"

Nilikanyaga breki kwa miguu yote miwili. Kiboko lilikuwa na mpunga mgongoni na tope chini, likateleza kama sabuni bafuni. Nilisikia kitu kikigonga upande wa kushoto. Mshindo mmoja, mdogo, mkavu. Lori likaenda, likaenda, likasimama, injini ikazima yenyewe. Leokadia alikuwa ameshika dashibodi na kutazama mbele, na mimi nikatazama anakotazama. Hatua kama ishirini mbele yetu daraja la magogo halikuwepo. Maji ya milimani yalikuwa yamelibeba, na mto unapita pale kwa kasi, mweusi, umejaa majani.

Nilishuka. Mtaroni, juu ya nyasi alizozifyeka mwenyewe, Mzee Gaspari alikuwa amelala ubavu, mguu mmoja umekunjwa upande ambao mguu haukunjwi. Fimbo yake ilikuwa vipande viwili. Ndiyo iliyogongwa na bampa. Yeye alikuwa ameruka.

Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," akanijibu kutoka mtaroni. Kisha akasema, "Umepiga tatu."

Nilianza kulia.

"Nilizihesabu, Kasiani. Ya kwanza nikasema, kijana wangu ananisalimu. Ya pili nikasema, ananitania. Ya tatu nikajua umeniona kivuli, na wewe husimami. Mimi ndiye niliyekufundisha usisimame."

Leokadia alivua kitenge chake cha juu akakikunja chini ya kichwa cha mzee, kisha akakimbilia vijumba vya jirani kutafuta watu wa kumbeba. Nilibaki naye peke yangu. Simu za mkononi hazikuwepo, la kufanya lilikuwa kungoja tu. Nikamshika mkono. Nilimwomba msamaha hadi akaniambia ninyamaze.

"Yule unayemwona," akauliza, "ana uso?"

"Hana."

"Anasimama kushoto?"

"Kushoto, mzee."

"Jua likiwa limekukabili. Jua likipanda, hayupo."

Sikuwahi kulifikiria hilo. Nikarudi moyoni mwangu kuhesabu asubuhi zote na jioni zote, na kila mara jua lilikuwa machoni mwangu. Nikatikisa kichwa kukubali.

"Ameshaanza kukufuata nyumbani?"

Zaidi ya yule mganga, jambo hilo sikumwambia mtu, hata Leokadia. Nikamwuliza amejuaje.

"Wangu alinifuata hadi kanisani," akasema. "Nilimwona kabla ya huyu mama Eferazia kufa. Mwaka mzima kabla. Nyuma ya basi, mlangoni pa nyumba, popote lilipo jua. Nikasema ni watu wa ndui. Nikawa napiga tatu na kupita, kama nilivyofundishwa na mimi. Sasa asubuhi ile nilikuja na Kiboko hili hili, jua liko hapo lilipo sasa. Nikamwona kushoto. Nikapiga tatu. Nikasikia kitu, kidogo tu, kama tairi limeingia shimoni. Sikushuka. Mchana nikasikia amekutwa mama mtaroni."

Nyuma ya sauti yake mto ulikuwa unanguruma. Nilimwuliza, na niliuliza kwa hasira, kwa sababu hasira ilikuwa rahisi kuliko woga, "Kwa nini hukutuambia? Miaka yote hii tunapita hapa tunapiga honi. Kwa nini hukuifuta ile desturi?"

"Ningeifuta mngeniuliza kwa nini."

Akafumba macho. Baadaye akaongeza kwamba ndiyo maana alihamia pale, na ndiyo maana alifyeka nyasi, ili anayetembea aonekane. Asubuhi ile alikuwa ametoka kufyeka akakuta daraja limekwenda, akasikia mlio wa Kiboko kwa mbali, akaja kusimama katikati kunizuia. Alisimama mahali pale pale, akijua. Watu walipokuja na kitanda cha kamba na mtumbwi wa kumvusha, jua lilikuwa limepanda juu ya miti, na nilipoitazama barabara ilikuwa nyeupe na tupu.

Ufunguo wa Kiboko nilimrudishia tajiri siku ile ile. Nilimwambia sababu, hakunifokea, aliketi tu. Hospitali daktari wa macho alinimulika akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba angenishangaa kama ningekuwa naona nyumba. Nilimweleza kuhusu yule mwanamke, nikidhani atacheka. Hakucheka. Alisema jua likikupiga usoni, ule ukungu ulio ndani ya jicho hutupa kivuli, na kilichobaki unakimalizia mwenyewe kwa kile unachokitarajia. Baada ya upasuaji walinifungua bandeji, nikaona maua ya kitenge cha Leokadia, kisha nikaona uso wake na jinsi tulivyozeeka wote wawili bila mimi kuwa na habari. Yule mwanamke sikumwona tena.

Lakini sikilizeni, vijana. Nilipita juu yake zaidi ya mara thelathini. Hata mara moja sikusimama kuangalia nyuma ya tairi. Daktari alisema ni kivuli, na hakuna mtu mwingine aliyekutwa mtaroni kwa miaka yangu, nimeuliza vijiji vyote vya karibu. Bado kuna asubuhi naamka na kuanza kuzikumbuka safari zile moja moja, nikisikiliza kama kulikuwa na mshindo. Siwezi kuapa.

Mzee Gaspari alipoanza kutembea kwa magongo aliniomba nimsindikize Michenga, kwa binti wa marehemu, Mama Bahati. Tulimkuta anapepeta mchele uani. Alitupatia vigoda, akaendelea kupepeta. Mzee alisema yote, hakujitetea hata kwa neno moja, na hakutaja macho yake mpaka mimi nilipotaka kuyataja, akanikataza kwa mkono. Alisema yuko tayari waende kituo cha polisi pamoja. Mama Bahati alimaliza ungo ule. Akamimina mchele kwenye ndoo, akauweka ungo chini, ndipo akatutazama.

"Kila nilipopita pale nilisikia magari yakipiga honi," alisema. "Miaka yote. Nikawa nawaambia wanangu, madereva wanamheshimu bibi yenu. Kumbe mlikuwa mnamwambia apishe."

Mzee na Mama Bahati walikwenda polisi pamoja, maelezo yakaandikwa, lakini mzee alifariki kabla shauri halijafika popote. Mama Bahati alikuja kwenye maziko. Alisimama nyuma, akatupa udongo wake, akaondoka bila kula. Miaka baadaye ndiye aliyeniambia niwaeleze madereva, akisema amechoka kusikia watu wakimwita mama yake mzimu.

Kwenye kibanda cha chai niliwaeleza wenzangu. Mzee Mahamudu alikasirika, akasema nimekwenda hospitali kupoteza macho ya utu uzima. Mzee Teofili alimaliza chai yake akaondoka. Kesho yake nilimwona kwenye foleni ya kliniki ya macho, amekaa mwisho kabisa, amevuta kofia usoni asijulikane. Nikaenda nikakaa naye.

Siwafundishi kwamba hakuna mizimu. Mimi ni mtu wa bonde hili, sitajifanya najua kilicho chini ya udongo wa kona ile. Ninachowafundisha ni kwamba ukiona mtu barabarani, funga breki. Akiwa ni mtu, umemwokoa. Akiwa ni kitu kingine, atapita zake na wewe utakuwa umechelewa kidogo tu kufika Ifakara. Na siku baba yako au babu yako akianza kuona watu ambao ninyi hamwoni, msimsifu kwa hekima. Mpelekeni akapimwe, na ufunguo mwombeni kwa heshima, lakini mwombeni.

Juzi nilipanda gari la mmoja wenu kutoka Mbingu. Jina nalihifadhi. Anaendesha vizuri, gia zake laini. Tulipofika Kona ya Mvule akapiga honi, moja, mbili, tatu, na mguu wake haukuondoka kwenye mafuta.

"Umemwona mtu?" nikamwuliza.

"Hapana, mzee. Ni desturi tu, nimewakuta wakubwa wanafanya."

"Simamisha gari."

Akasimamisha. Nilishuka na fimbo yangu, nikaenda upande wa kushoto, nikafunua nyasi za mtaroni, maana siku hizi hakuna anayezifyeka. Nikavuka, nikaangalia upande wa kulia. Nikatazama nyuma ya matairi, moja moja, yote. Abiria walikuwa wametoa vichwa madirishani, wengine wananong'ona. Nilipokwea tena, yule kijana alikuwa amepauka.

"Mzee, uliona nini hadi ukatusimamisha?"

"Sikuona kitu," nikamwambia. "Ndiyo maana nimeshuka."